Kabati Lililouliza Jina

Zama hizo kila mgonjwa alikuwa na kabati la dawa ukutani, nalo halikufunguka mpaka ataje jina lake.

"Mama, jina lako kamili?" kabati liliuliza kila asubuhi.

"Mize binti Shomari," Bi Mize alijibu, akiwa amejitanda khanga kama mtu aliyepigiwa hodi. Tangu amzike mumewe, hakuna mwingine aliyemwuliza lolote.

Jumanne moja akajibu makusudi, "Silijui."

Kabati likagoma. Haikupita saa, muuguzi wa kweli akabisha hodi, binti aitwaye Kalekwa.

"Shikamoo, bibi. Leo unajisikiaje?"

Bi Mize akaitikia, akamwandalia chai ya tangawizi, akamsimulia habari za harusi yake. Kalekwa alipomshika mkono kupima mapigo ya moyo, bibi alitamani asiuachie.

Akalisahau jina Jumanne tatu mfululizo. Ya nne, Kalekwa hakuketi. Alimvisha bangili nyembamba mkononi.

"Wameandika kwamba umepoteza kumbukumbu, bibi. Kwa usalama wako, kabati litaitambua bangili hii. Halitakusumbua tena kwa maswali."

"Jina langu nalijua, mwanangu! Mize binti Shomari!"

"Sawa, bibi," Kalekwa alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto.

Kesho yake Bi Mize alijitanda khanga, akasimama mbele ya kabati. Mlango ukafunguka kimya, kidonge kikatoka.

"Mize binti Shomari," alisema.

Mlango ukajifunga.