Bakuli la Singida

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi: mfanyabiashara yupo ilipo bidhaa yake. Mkoa ambao mauzo yako yamezidi kiwango ulikukata kodi ya siku moja katika juma, na siku hiyo ulihesabika uko huko, hata kama umekaa jikoni kwako. Atakayekupakulia chakula au kukuitikia salamu, huyo kamficha mlipakodi, na nyumba zote zilikuwa na masikio.

Mwanakheri wa Pangani aliuza achari ya ndimu mtandaoni, na achari yake ikapendwa mno. Mbeya ikachukua Jumatatu, Kigoma Jumanne, na mikoa mingine ikafuata. Akabakiwa na Ijumaa tu, siku ya pilau na ya kumsuka binti yake, Tatu.

Kisha dada yake aliyeolewa Singida, mkoa uliobakiza kidogo tu kufikia kiwango, akamletea asali kwenye bakuli. Bakuli la mtu halirudi tupu, ndivyo Mwanakheri alivyolelewa. Akalijaza achari, akalirudisha.

Ijumaa iliyofuata, Mbwana, mumewe, alipakua pilau sahani mbili.

"Baba Tatu, na mimi je?"

Mbwana hakuinua macho. Alimsogezea simu tu: Singida imezidi kiwango, imechukua Ijumaa.

"Lakini ile ilikuwa zawadi!"

Mbwana akaanza kula. Mwanakheri akachukua kitana, akaketi nyuma ya mwanawe, akaanza kumsuka kama kawaida. Mtoto alitulia, kichwa kimeegemea magoti ya mama yake, macho yakimtazama baba.

"Baba," akauliza, "Mama anarudi lini?"