Mkuu wa Maji

Siku Kitwana alipoapishwa kuwa mkuu wa maji, madaktari walifuta jamaa zake wote akilini mwake, kama sheria ilivyotaka, asije akapendelea mtu.

"Miaka mitano tu, Mwanaidi, nitarudi," alikuwa amemwahidi mkewe.

Akagawa maji kwa haki, mji ukamsifu. Miaka ilipotimia, Mwanaidi alipika samaki wa kupaka, akaenda kumchukua.

"Kumbukumbu zako ziko tayari kurudishwa, Mheshimiwa," daktari alisema.

Kitwana alimtazama Mwanaidi kwa upole. "Mama, nikikukumbuka lazima niache cheo. Nani atawatendea watu haki kama mimi?"

"Mji huu ulikuwa ukinywa maji kabla hujazaliwa, we mwanamume!"

Kitwana akatia saini miaka mitano mingine.

Sasa Mwanaidi hupanga foleni ya maji kila Jumatano, na Kitwana humuuliza jina lake kwa heshima.