Mgonjwa wa Bi Masouda

Hodi ya pili ilipopigwa, Bi Masouda alikuwa bado anamfunika mgonjwa wake, na mgonjwa mwenyewe alikuwa wa bati.

Saa nzima ilikuwa haijapita tangu kitu kile kianguke uani. Kwanza ulisikika mngurumo juu ya mapaa ya Mutrah, mji wa bandari kando ya Muscat, kama nyuki elfu waliofungiwa ndani ya pipa. Halafu ukakatika ghafla, na kitu kikatua juu ya chungu cha achari ya ndimu. Kilikuwa ndege ndogo, urefu wake kama mtoto wa miaka saba, lakini haina rubani, haina panga la kuzunguka, na mgongoni imebeba bomba jeusi linalofuka moshi. Mbawa zilivunjika. Achari ilimwagika yote.

"Tukipeleke serikalini," mumewe Ghanim alisema.

"Halafu useme umekipata wapi? Kimeshuka mbinguni?"

Ghanim akaufunga mlango wa uani. Walikuwa wametoka Unguja na masanduku mawili tu, na huko walijifunza kwamba serikali ikikuta kitu kisichoeleweka nyumbani mwako, haikiulizi kile kitu, inakuuliza wewe. Sasa mwaka wa sabini ulikuwa unaishia, Muscat ina serikali mpya inayotafuta watu wa kuandika na kupiga taipu, na ombi la kazi la Ghanim lilikuwa halijajibiwa. Haikuwa siku ya kukutwa na bomba la moshi.

Ndiyo maana ile ndege ikalazwa kitandani, ikafunikwa blanketi gubigubi.

Ghanim alifungua mlango. Akaingia kijana mrefu mwenye kanzu safi ya dishdasha, daftari mkononi, kidole kimefungwa kitambaa.

"Jina langu Marhoon, karani wa serikali," alisema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. "Nnatafuta kitu kilichoanguka mtaa huu. Nishapita nyumba tisa."

Ghanim alifungua kinywa. Bi Masouda akamwahi.

"Hapa hapajaanguka kitu, bwana. Labda shangazi yangu Mahbuba, huyo kitandani. Kaanguka kwa homa."

Marhoon alivuta hewa puani. "Mbona pananuka mafuta ya taa?"

"Tumemsugua kifuani. Dawa ya kwetu."

"Na huo moshi?"

"Tumemfukiza ubani."

Karani hakucheka. Alimgeukia Ghanim. "Wewe ndiye Ghanim bin Suud? Barua yako ya kuomba kazi nimeiona. Iko juu ya meza yangu."

Ghanim akamvutia kiti upesi.

Marhoon alikaa, macho hayatoki kitandani. Akaeleza kwamba kitu anachokitafuta hakitaki kushikwa ovyo. "Mdomoni mwa lile bomba mna vijibati vya chuma, vyembamba kama ganda la kitunguu. Vinafunguka, hewa inaingia. Vinajifunga, mafuta yanalipuka, moto unatoka nyuma na ndege inasukumwa mbele. Mara mia na zaidi kwa sekunde moja! Panga la nini tena? Nnakwambieni, zitakuja ndege za namna hii, hamna mtu ndani, zinapeleka dawa Salala kule kusini asubuhi na adhuhuri zisharudi..." Alijikatiza, akakohoa. "Ndivyo tulivyoarifiwa afisini."

Bi Masouda alisogea karibu na kitanda. Serikali hii mpya, aliwaza, inajua mpaka ganda la kitunguu.

"Huyo shangazi," Marhoon aliuliza taratibu, "alianguka kwa kichwa au kwa tumbo?"

Basi kajua. Kilichomzuia ni heshima tu. Mwanamume hamfunui mwanamke asiye maharimu yake, hata kama miguuni mwa blanketi panachungulia mkia mwekundu wa bati.

"Kwa tumbo!" Ghanim aliropoka, jasho linamtiririka. "Wallahi kwa tumbo, juu ya achari!"

Bi Masouda alimtazama mumewe, mtu ambaye tangu amjue hajawahi kusema uongo ukamfikisha mlangoni. Akaiona kazi inakwenda, na nyumba waliyoazimwa, na safari nyingine ya masanduku mawili. Akalivuta blanketi mwenyewe.

"Bwana Marhoon, kosa ni langu. Yeye alitaka kukileta serikalini tangu mwanzo. Nichukue mimi, yeye mwachie kazi yake."

Marhoon alikuwa ameshapiga magoti kando ya kitanda. Akapuliza vumbi mdomoni mwa bomba, akapitisha kidole chake kilichofungwa juu ya kijibati kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Hata kimoja hakikupinda. Akaipakata ile ndege kwa uangalifu, kama mtoto aliyetoka kutahiriwa.

"Hapana aliyekosa," alisema mwishowe, sauti imemlainika. "Ila neno hili lisitoke nje. Si kwa jirani, si kwa mtu yeyote wa afisini. Hata mkubwa wangu asilisikie. Na barua yako, Ghanim, nnaipeleka kwake leo hii. Mtu asiyeweza kusema uongo anatufaa."

Ghanim akakimbilia kumfungulia mlango.

Mlangoni Marhoon aligeuka, akaiegemeza ndege begani na kufungua daftari.

"Suali moja tu, Bi Masouda. Kabla hakijaanguka, mlikisikia kinanguruma muda gani?"

"Saa sina, bwana. Nilikuwa nasoma Kulhuwallahu kwa hofu. Nilifika mara ya kumi na moja."

Marhoon aliandika upesi.

"Kumi na moja!" alisema. "Nilichokiunda mwezi uliopita sikukifikisha hata tatu."