Sufuria ya Mashavu

Nikutegee, mwenzangu: mwiko usioingia chunguni, lakini huwaunguza wapishi? Basi ni ulimi wa Bi Hidaya, mkuu wa wapishi wa shughuli pale mtaani. Juzi tu Mashavu, mpishi mwenzao, alilalamika kifua, akaambiwa, "Moshi haujaua mtu, koroga!" Leo wanapika wali wa matanga yake.

"Sufuria ya Mashavu ataishika nani?" aliuliza Bi Hidaya.

Wanawake wakakaa tu, mikono mapajani.

"Si hodari wa kuamrisha wewe? Tuamrishe basi," Subira alimchoma.

Bi Hidaya alijifunga kanga kiunoni, akapiga magoti, akapuliza moto mwenyewe, majivu na machozi yakimchanganyikia usoni. Akakohoa. Akapuliza tena.

Subira alimtazama weee, kisha akaja kuchuchumaa kando yake.

"Nitaishika mimi, dada."