Vikombe Vinne

Kidole cha mkuu wetu, tuliyembandika jina la Bwana Shwari, kilikuwa juu ya kitufe. Akibonyeza, mchoro unakwenda kiwandani, na ukishachongwa kwenye chipu ya kompyuta haufutiki.

Miaka mitatu tuliisuka chipu ile ifanye kazi kama ubongo: vyumba elfu moja visivyo na mkubwa, kila kimoja kikipokea ujumbe na kuusukuma kwa jirani. Njia zote za ujumbe nilizichora mimi.

Mwezi uliopita niliona kasoro. Nikampangia mkuu vikombe vinne mezani, duara.

"Kila kimoja kinangoja cha mbele yake kiondoke," nikamwambia. "Ujumbe ukizidi, vitangojana mpaka kiama."

Akanyanyua kikombe kimoja, akanywa chai yote. "Haya, njia hiyo hapo. Dada, usitutie mkosi."

"Na ndani ya chipu, nani atanyanyua kikombe?" nikauliza. Wenzangu mezani walikuwa wanacheka, hakuna aliyenisikia.

Leo majina ya wabunifu yalikuwa yameangazwa ukutani. Langu halikuwemo. Mahali pake palikaa la mume wa binti wa mkuu, ambaye hata waya wa chaja humshinda.

"Kuna mwenye neno kabla sijabonyeza?" Bwana Shwari akauliza, macho yakitua kwangu.

Neno nilikuwa nalo: ndani ya chipu, vikombe vilikuwa bado vinangojana. Nikapeleka kikombe changu mdomoni, ili mdomo uwe na kazi.

Akabonyeza.