Taarifa ya Mwezi

"Duka la viatu vya kike," karani wa benki alisoma, kisha akamtazama mpiga pasi juu ya miwani yake. "Siku hizi wavaa viatu vya kike, mwanangu?"

Watu wawili kwenye foleni waliangua kicheko. Mpiga pasi hakucheka wala hakukasirika.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na kazi yake ilikuwa kunyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kadi ile ya mkopo ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Aliipokea mwaka uliotangulia mikononi mwa karani huyu huyu, akaahidi kwamba angeitumia kwa adabu. Sasa mkopo ulikuwa umefika ukomo. Asipolipa kabla ya saa sita mchana, kadi ingefungwa. Katika bahasha aliyoibana kwapani mlikuwa na ada ya masomo ya ufundi, aliyoidunduliza kidogo kidogo tangu alipoanza kazi. Alikuwa ameileta yote.

"Endelea, mzee," alisema.

Mashine ya kuchapa taarifa za kadi ilikuwa imeharibika, hivyo karani aliendelea kusoma kwenye kompyuta yake.

"Duka la dawa. Tena duka la dawa. Na siku ya tatu, duka la dawa."

"Tarehe ngapi?"

"Wewe uliyenunua ndiye unayeniuliza mimi?"

Karani alizitaja tarehe, kwa sauti ya mwalimu anayemsomea mwanafunzi makosa yake.

"Na baada ya dawa?"

"Siku sita hakuna kitu. Hapo ulijizuia, nakupongeza."

Mpiga pasi alishika ukingo wa dirisha la chuma. Kwa miezi mingi alikuwa akila bila kusikia ladha na kulala bila kupumzika. Hata wiki iliyopita pasi ilipomuunguza kiganja, mwenzake ndiye aliyepiga kelele.

"Kisha?"

"Kisha ukarudia yale yale. Alhamisi, duka la mikate, tena katika mji ambao mimi mwenyewe sijaukanyaga. Hivi mikate ya hapa ina kasoro gani?"

Kijana alishusha pumzi.

"Namba ya siri anaijua nani?" karani aliuliza.

"Watu wa nyumbani tu."

"Basi ama umeibiwa, ama una mchumba mwenye mkono mwepesi. Yote mawili dawa yake ni moja." Karani aliinama hadi miwani ikakaribia kioo, akapunguza sauti ili foleni isisikie. "Nina watoto wa rika lako, nasema nawe kama baba. Fedha ulizo nazo zinatosha kulimaliza deni hili. Lilipe, niifunge kadi, utoke hapa ukiwa mtu huru."

"Pokea zote, mzee. Lakini kadi iache wazi."

"Ili uendelee kukamuliwa?"

"Iache wazi."

"Na masomo? Si uliniambia unataka kuwa fundi wa mitambo?"

"Masomo yatangoja."

Karani alihesabu noti pasipo kuinua macho, akagonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika nane.

"Nimewaona vijana wengi wa namna yako," alisema, akisukuma risiti chini ya kioo. "Mnafundishwa, mnatia pamba masikioni. Utarudi hapa ukilia."

"Nitarudi mwezi ujao, mzee, kuchukua taarifa."

Nje, mama yake alikuwa ameketi kwenye ngazi za benki, mkoba mapajani. Aliinuka kabla kijana hajamfikia.

"Kuna taarifa ya mdogo wako?"

"Ipo, mama. Kadi bado anayo. Huko aliko aliugua, akapona. Hadi Alhamisi alikuwa hai."