Viatu vya Mheshimiwa

Fundi alipomvua msichana soksi, kidonda kilikuwa palepale, kimekizunguka kifundo cha mguu wa kushoto, kibichi vilevile.

"Mama, hiki kiatu kimenishinda," alisema. Alikuwa fundi wa viatu vya tiba katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, na kiatu hicho alishakilegeza, akakipunguza ukingo, akakitia sponji. Mwisho aliamua kushona jozi mpya. "Halafu angalia, kidonda kimepanda juu kuliko kiatu chenyewe kinapofika."

"Ana ngozi laini," mama alijibu, macho sakafuni. "Labda ni soksi."

Msichana alikuwa akichezea vifungo vya koti la fundi. Nyumbani walimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alimpa mkono kila aliyekutana naye na kumuuliza kama watoto hawajambo, hata aliyeulizwa akiwa mtoto mwenyewe. Mwili wake ulianza kuwa wa msichana mkubwa, akili ilibaki ya mtoto wa chekechea. Maumivu hakujua kuyasema. Msumari ungeweza kumchoma asubuhi naye akashinda anacheka. Mama yake angejua kwa kuona damu tu.

Nyayo zake zilikuwa bapa kama sahani, viungo vimelegea, vifundo vimelalia ndani. Miaka yote alitembea kama mtu aliyezama matopeni: hatua chache, kisha chini.

Fundi alichukua kiatu kipya, akaanza kupitisha kamba. Mheshimiwa akauficha mguu chini ya kiti.

"Kamba hapana," alisema.

"Hapendi kufungwa," mama akadakia.

Fundi alicheka. "Mheshimiwa akishatamka, mimi nani nibishe?" Akazichomoa kamba, akakaa kushona mkanda wa kunata badala yake. "Yule jirani aliyekuwa anakaa naye ukienda kazini, alirudi?"

"Alihama moja kwa moja."

"Na ile shule ya watoto kama yeye?"

"Hawana mwalimu. Wanasema nisubiri."

"Sasa anabaki na nani?"

"Yupo mtu," mama alisema.

Viatu vilipokuwa tayari, Mheshimiwa alisimama. Akaenda hadi dirishani, akageuka, akarudi, visigino vimenyooka, bila kuyumba. Akampa fundi mkono. "Watoto hawajambo?"

Fundi alimgeukia mama akitegemea tabasamu, akakuta machozi. Hakushangaa. Wazazi wengi hulia hapo.

"Huyu sasa atafika mbali," alimwambia. "Ila asikae tu, mama. Atembee kila siku. Akishinda amekaa, miguu italegea tena, na hapo sitakuwa na kiatu cha kumsaidia."

"Nimekuelewa, fundi. Ahsante."

Chumba chao kilitazama barabara kuu, ambako malori hupita kutwa. Siku nyingine mama humkokota binti yake njia nzima, wakipumzika kila penye kivuli. Leo Mheshimiwa alitangulia. Alimsalimia muuza mkaa, akamsalimia mshona nguo, akamsalimia mlinzi wa ghala aliyekuwa amesinzia, mpaka akaamka. Mama alimfuata nyuma akihema, na kwa kitambo kidogo alijisahau, akacheka.

Karibu na nyumbani mama alimshika mkono, lakini ukamponyoka. Mheshimiwa alikuwa amemwona dereva wa lori ametoa kiwiko dirishani, naye akaenda kumpa mkono, moja kwa moja juu ya lami, kwa hatua nzuri zilizonyooka.

Breki zililia. Lori lilisimama limemkaribia kiasi kwamba hewa moto ya injini ilipeperusha gauni lake.

"Mama, huyu mtoto humshiki?" dereva alisema.

"Nisamehe, baba."

"Leo nimewahi. Mwingine hatawahi."

Mama alimshika binti yake kiunoni, akamwingiza ndani, akarudishia mlango ambao Mheshimiwa alishajifunza kuufungua. Zamu yake ya kufua mashuka ilikuwa karibu kuanza, na aliyechelewa alikuta nafasi yake imechukuliwa.

Akampa binti maji. Akamkalisha juu ya mkeka, akamvua viatu vipya, akavipandisha juu ya kabati. Akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakipuliza kama mtu anayepoza uji, akakifunika kwa kitambaa safi. Mheshimiwa alimpapasa kichwani.

Kisha mama akaivuta kamba iliyofungwa kwenye mguu wa kitanda na, kwa kuwa kifundo cha kushoto hakikuwa tena na mahali pazima, akamfunga cha kulia. Alikaza kuliko jana, maana miguu ya jana haikuwa ya kufika popote.